Aliyekataa Kiti

Mei 3, 2016. New Site, Juba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo mchana, ikaosha vumbi la msimu mzima kwenye mabati ya majirani. Nimeanza kuandika tena baada ya kuacha kwa miaka. Naandika Kiswahili, lugha iliyonilisha uhamishoni Uganda nilipokuwa msahihishaji katika kiwanda cha chapa cha misheni, na pia kwa sababu hapa mtaani wanaoisoma ni wachache. Mtu ana haki ya kuchagua wasomaji wake.

Kalamu niliyonunua kwa Cirillo ni mbovu. Wino wake ni wa kijivu. Niliirudisha kibandani, naye akaandika jina lake kwenye kiganja, akaniletea chini ya pua. "Nyeusi hii, Mzee Marino. Nyeusi kama makaa." Mimi niliona kijivu. Cirillo ni mkubwa wa bloku yetu. Mtu wa cheo chake angeona haya kuuza kalamu bandia, lakini vita vimewaondolea wengi haya.

Mei 6

Chai haina harufu. Victoria anasema ametia tangawizi. Sikuonja tangawizi yoyote.

Mei 11

Shati langu la buluu limechujuka. Victoria ni binti yangu, na ndiye anayenitunza tangu mumewe afariki, kwa hiyo nilimuuliza kwa upole tu ni sabuni gani anayotumia siku hizi.

"Ileile, Baba."

"Na shati ni lilelile?"

Alilinyanyua juani. "Buluu ya kanisani. Unataka liwe buluu gani tena?"

Nilisema basi, yaishe. Lakini nimeishi kwa macho yangu. Najua rangi iliyopungua.

Mei 19

Leo niandike habari za Gune, maana ndiye niliyemfikiria siku nzima.

Anapanga chumba cha nyuma tangu Machi. Anatengeneza simu na kuzichaji kwa sola pale njia panda. Alikulia Uganda kama watoto wetu wengi, akarudi kijijini kwao upande wa barabara ya Yei, kisha akaja mjini kwa sababu ambazo hajawahi kuzieleza vizuri. Ni mpole. Anatembea bila kishindo. Hivyo tu havitoshi kumlaumu mtu, najua.

Lakini leo jua lilipokuwa linazama nilimwona mtu amesimama kwenye kona, pale ua wa mabati unapokutana na mlimau. Alisimama wima, mikono ubavuni, bila kusema neno. Nilipogeuza kichwa ili nimtazame vizuri hakuwepo. Muda mfupi baadaye Gune alitokea upande wa chooni na kopo la maji.

"Ulikuwa pale kwenye mlimau?"

"Hapana, Mzee. Mimi iko chooni."

"Na nani alikuwa pale?"

Alitazama kona ile, akanitazama mimi. "Hakuna mtu, Mzee. Kuku labda."

Sijawahi kuona kuku wa urefu ule.

Mei 27

Amekuja tena, saa ileile ya giza kuingia. Kimo cha Gune, mabega ya Gune. Uso siuoni.

Juni 4

Kwetu Kajo-Keji mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajaketi na kunywa maji. Hata aliyekuja kukushtaki anapewa kiti kwanza. Tulipokuwa kambini Uganda tuliongeza sheria yetu wenyewe juu ya hiyo: anayekataa kiti amekuja kuhesabu watu. Tuliwatambua hivyo wale waliotumwa kutuchunguza. Hawakupenda kukaa, kwa sababu anayekaa huulizwa habari za kwao.

Leo nilitoa kiti cha plastiki nikakiweka karibu na mlimau, na bilauri ya maji juu yake. Alipotokea nilimwambia kwa Kibari, kwa heshima zote, "Karibu, kaa." Hakukaa. Hakujibu. Nilipopepesa macho akawa hayupo.

Victoria alikuwa akinitazama kutoka jikoni. "Baba, unamkaribisha nani?"

"Uliza mpangaji wako."

"Mpangaji wangu? Si wewe uliyempa chumba?"

Ni kweli, mimi ndiye niliyempa. Lakini siku hizi nawasikia wakicheka pamoja jikoni, na nikiingia kicheko kinakoma.

Juni 9

Mvua. Nimejikwaa kwenye kizingiti nilichokijenga mwenyewe. Mtu amekiinua.

Juni 22

Victoria anasema maandishi yangu yamekuwa madogo kama ya sisimizi. Nimemwambia karatasi ni ghali. Ukweli ni kwamba naanza mstari kwa herufi za kawaida na nikifika mwisho zimejikunyata, nami sikuziamuru. Mkono wa kulia unatikisika ukiwa umepumzika pajani. Ukishika kitu hutulia. Nadhani ni baridi ya mvua.

Julai 8

Risasi zilianza jana jioni. Leo ni mizinga. Tumelala sakafuni, magodoro tumeyaegemeza dirishani.

Julai 9

Leo ni sikukuu ya uhuru wetu na bunduki zimenyamaza. Gune alitoka asubuhi. Victoria alimshika mkono getini, niliona, akamwambia "Usiende, watakuua sakit," yaani bure kabisa. Akaenda. Alirudi alasiri, suruali imejaa tope hadi magotini.

"Ulikuwa wapi?"

"Mtaa wa Juba Na Bari, Mzee. Kumwangalia shangazi."

"Na shangazi yuko?"

"Nyumba iko. Yeye hayuko. Majirani wanasema alivuka mto."

Ni jibu ambalo mtu hawezi kulipima. Mji mzima umejifungia ndani, yeye anatembea kwenda na kurudi. Nani alimpitisha kwenye vizuizi?

Julai 11

Tangu jana asubuhi ndege za vita zimepita juu ya paa. Mabati ya jikoni yametobolewa. Gune alilala juu ya miguu yangu mlipuko ulipokuwa karibu, akanikandamiza sakafuni kwa uzito wake wote. Nilijiuliza kama ananikinga au ananizuia nisione. Naandika nilichofikiria, hata kama si kizuri. Jioni hii wametangaza kusitisha mapigano.

Julai 29

Cirillo amekuja. Alikubali kiti, akanywa maji, akauliza habari za mguu wangu uliojikwaa. Kisha akasogeza kiti karibu.

"Mzee, vita vimeingia upande wa Yei. Watu wa usalama wanapita kila bloku. Wanataka kujua nani amempangisha kijana aliyetoka huko."

"Si wote wametoka mahali fulani?"

"Usinichezee, ya Mzee. Mimi nina familia." Alijifuta jasho. "Wewe ndiwe jicho la bloku hii. Watu wakigombania mpaka wa kiwanja ni wewe unaitwa, karatasi ikija ya Kiingereza ni wewe unaisoma. Ukiniambia Gune ni mtu safi, nitawaambia ni safi, kalas, yameisha. Ukiniambia vingine, watamchukua. Na unajua wakichukua."

Najua. Kijana wa nyumba ya tatu alichukuliwa mwanzoni mwa mwezi huu, na mama yake bado anampelekea chakula kwenye geti ambalo wanamwambia hayupo.

Nilipaswa kusema ni safi. Badala yake nikasema, "Kuna mtu anasimama kwenye ua wangu jioni. Hataki kuketi."

"Ni yeye?"

"Kimo ni chake."

Cirillo aliinuka. Aliondoka kabla sijamsindikiza.

Agosti 2

Hakuna jipya. Mtu yupo.

Agosti 13

Nimemwaga chai kando ya kikombe. Victoria amekasirika, si kwa sababu ya chai. Anasema kuna madaktari wa macho waliotoka Kampala, wanatibu mwishoni mwa mwezi huu katika ukumbi mmoja mtaa wa Kator, na kwamba nitakwenda hata kama itabidi anibebe mgongoni kama gunia la mtama.

Agosti 24

Tumetoka Kator jioni hii. Niandike kila kitu kwa mpangilio, kwa sababu sijui nani ananidanganya.

Foleni ilianzia kwenye ukuta wa kanisa kuu. Kabla sijaingia nilimwona Victoria akimnong'oneza daktari mlangoni. Daktari ni mwanamke kijana, Dkt. Keji, mtoto wa uhamishoni kama sisi. Aliniita Yaba tangu mwanzo, kama anavyomwita baba yake.

Alinipima kwanza ubao wa kawaida wa herufi, zile kubwa zinazopungua kuwa ndogo. Nilisoma hadi karibu na chini. Akafurahi. Kisha akatundika ubao mwingine ambao herufi zake zote ni za ukubwa mmoja. Nilisoma mstari wa kwanza kwa sauti ya mimbarini. Kwenye wa tatu nikakwama.

"Kiwanda kilichochapa hiki kiliishiwa wino," nilimwambia. "Nimefanya kazi hiyo, mimi najua."

Alicheka vizuri, bila dharau. "Wamepunguza wino makusudi, Yaba. Dada, wewe unaona?"

Victoria, akiwa amesimama nyuma yangu, alisoma mistari mingine mitatu. Nilimchukia kidogo.

Dkt. Keji alinipima rangi kwa vidonge vya plastiki ambavyo nilitakiwa kuvipanga. Nilichanganya buluu na kijani. Alinitia dawa ya kupanua mboni, akanimulika kwa kioo chake hadi nikaona mishipa ya jicho langu mwenyewe kama matawi. Hakuna mtoto wa jicho, alisema, na hakuna presha ya macho. Baadaye aliuacha uso wangu akatazama mkono pajani.

"Huu umeanza kutikisika lini?"

Alinitembeza ukumbini na kurudi. Alinitaka nigonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka. Alinifumba macho akaniletea kitu puani, nikasema hakuna kitu. Ilikuwa kahawa.

Aliketi mbele yangu, magoti yetu yakakaribia kugusana, akaeleza taratibu. Naandika kama alivyosema. Nina dalili za ugonjwa wa Parkinson. Watu wanaujua kwa mkono, lakini hugusa na macho. Nyuma ya jicho kuna utando, retina, unaopokea mwanga kama filamu ya kamera. Ndani yake kuna chembe zinazotumia dopamini, kemikali ileile inayopungua kwenye ubongo wa mgonjwa. Kemikali ikipungua, nyeusi na nyeupe hukaribiana, na buluu hufifia. Kwa wagonjwa wengi tabaka za ndani za utando huo hukonda.

"Umeona kwangu zimekonda?"

"Kwa kioo changu hiki siwezi kusema, Yaba. Ni suala la unene mdogo kuliko unywele. Mashine ya kuupima iko Kampala. Nakwambia tu kwamba unachonieleza kinalingana." Kisha akauliza, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Unaona watu wasiokuwepo?"

"Naona watu waliopo."

"Jioni? Pembeni mwa jicho? Mtu amesimama tu, ukimgeukia anaondoka?"

Nilijifuta dawa iliyokuwa ikinichuruzika shavuni.

"Ni kawaida kwa ugonjwa huu," alisema. "Jicho linaleta picha hafifu, ubongo unajaziliza. Si wazimu. Ukijua, kuona huko hakumdhuru mtu."

Sasa niko nyumbani na ninajiuliza. Alijuaje habari ya mtu wa jioni? Victoria aliona kiti. Victoria alinong'ona mlangoni. Na nani anafaidika mimi nikitangazwa kuwa mtu wa kuona vivuli? Gune.

Agosti 30

Siongei na Victoria. Yeye anaongea: "Baba, kula." "Baba, viatu."

Septemba 5

Cirillo alinisimamisha njiani. Jina la Gune limeshapelekwa kwa watu wa usalama. Watakuja Jumamosi alasiri, wasikie kwa mdomo wangu, kisha waondoke naye. Nikamuuliza nani aliyelipeleka. "Wewe, Mzee," alisema, akishangaa kweli. "Si ulisema kimo ni chake?"

Septemba 7

Sikulala vizuri. Nilikumbuka kiwandani hakuna aliyeruhusiwa kusahihisha ukurasa peke yake. Mmoja alisoma kwa sauti, wa pili akashika nakala ya mwandishi na kufuatilia. Sababu ni kwamba jicho likishazoea ukurasa husoma linachokitarajia. Nimewafundisha vijana wengi jambo hilo. Mtu wa kwenye mlimau nimemsoma peke yangu tangu Mei.

Leo kabla ya magharibi nilimwita Gune, nikamwambia akae nami. Alikaa bila kuuliza. Nilimshika kifundo cha mkono, nikasingizia kwamba miguu imekufa ganzi.

"Niambie unachoona kwenye ua. Kila kitu."

"Mabati. Mlimau. Kiti chako kile, Mzee, na ndoo."

Mwanga ulikuwa ukipungua. "Endelea."

"Paka wa Cirillo amepita. Sasa hakuna."

Yule mtu alikuwa amesimama pale. Kimo cha Gune, mabega ya Gune. Na Gune nilikuwa nimemshika, mapigo yake ya moyo yakigonga chini ya kidole changu.

"Sasa unaona nini?"

"Mlimau tu, Mzee. Kwa nini unalia?"

Septemba 8

Nimekwenda kwa Cirillo kumwambia nilikosea. Alinisikiliza akifunga kibanda. "Jina likishapanda halishuki kwangu," alisema. "Waambie wenyewe." Nilimuuliza je, kijana akiondoka leo? Wana jina lake kwenye vizuizi vyote, akasema. Akikimbia amekiri.

Nimemweleza Victoria na Gune pamoja, jikoni, yote, pamoja na nilichomwambia Cirillo. Gune aliinamisha kichwa. Victoria aliweka mwiko chini akatoka nje.

Septemba 10

Walikuja wawili pamoja na Cirillo, wamevaa kiraia, mmoja mnene na mmoja kimya. Niliwapa viti wakakaa. Gune alileta maji kwenye sinia, kwa sababu nilimwomba alete. Nilitaka awepo mbele ya macho yangu mabovu. Victoria alisimama kwenye mlango wa jikoni. Walisema Kiarabu cha Juba, nami nakigeuza.

"Mzee, wewe ndiye uliyemwona huyu akipeleleza?"

"Nilimwona mtu. Hata sasa namwona."

"Ndiye huyu?"

"Huyu amesimama karibu yangu na sinia. Yule yuko nyuma yako, kwenye mlimau."

Jua lilikuwa limeinama, na kweli alikuwepo, mapema kuliko siku zote. Mnene aliruka kutoka kitini, mkono kiunoni. Aligeuka kulia, akageuka kushoto. Paka wa Cirillo alikimbia.

"Hakuna mtu!"

"Najua hakuna," nilisema. "Nina ugonjwa wa Parkinson. Utando wa macho yangu umeharibika, daktari wa Kator aliniambia nikamkatalia. Nilichomwambia Cirillo kilikuwa cha ugonjwa. Kijana huyu hana kosa."

Yule mnene alianza kucheka kwa hasira. "Umetuita kwa kivuli?" Lakini mwenzake hakucheka. Alinisogelea.

"Mzee anaweza kufundishwa la kusema. Hesabu watu walio ndani ya hosh hii, ua huu wote. Kwa kidole. Haraka."

Nilihesabu, nikimwonyesha kila mmoja: wao wawili, Cirillo, Gune, binti yangu. Kisha kidole kikaenda chenyewe kwenye kona. "Na yule," nilisema, kwa sababu alikuwepo, na kwa sababu kila mtu alikuwa akitazama kidole changu. Nilimwomba Gune apeleke maji kule. Alikwenda, masikini, na bilauri mkononi, akapita katikati ya yule mtu kama anapita kwenye moshi, na nikashtuka kwa sauti.

Yule kimya alinitazama usoni wakati huo. Hakutazama kona hata kidogo. Kisha akachukua simu mbili za wateja zilizokuwa mfukoni mwa Gune, akazitia mfukoni mwake, akamwambia Cirillo, "Usituletee tena mashahidi vipofu." Wakaondoka.

Cirillo alibaki getini. "Ulikuwa jicho letu," alisema, kama anayetoa rambirambi.

Septemba 14

Kesi ya mpaka wa kiwanja kwa akina Romano ilisikilizwa jana. Sikuitwa.

Septemba 18

Gune ameondoka leo baada ya misa, kuelekea Nimule na Uganda. Mtu ambaye jina lake limepanda mara moja halali tena Juba, hata kama limeshushwa. Victoria amemfungia mihogo na chumvi. Sikuuliza kama atamfuata, na yeye hakuniambia.

Boda ilikuwa inangoja getini, mzigo umeshafungwa. Gune alikuja kuniaga pale nilipokaa, akachuchumaa ili uso wake uwe sawa na wangu, karibu kabisa, mahali ambapo bado naona vizuri.

"Mzee, yule mtu wako. Anafanana na nani?"

"Hafanani na mtu. Hana uso."

Alifikiri kidogo. Hakuwa na hasira. "Kama yeye hana uso, kwa nini ulimpa wa mimi?"

Nilitaka kumwambia ni macho. Lakini utando wa jicho, hata ukikonda ukaisha, haujui jina la mtu yeyote wala barabara aliyotokea. Hayo niliyatoa mahali pengine, na mahali hapo Dkt. Keji hakupamulika.

Mwenye boda aliuliza kama safari ipo au haipo. Gune akasimama, akasema ipo.